Matone Sawa kwa Wote

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo kwenye ramani yoyote, na msomaji atakayedai kwamba anaitambua namwomba ajiulize kwanza anatafuta nini. Inaitwa Jamhuri Tulivu ya Neemani. Ina bendera, ina wimbo, ina wizara kumi na saba, na katika kila wizara kila mtumishi ana mche mmoja wa majani mapana uliopandwa kwenye chungu cha udongo. Mimi naitwa Mwinchande, niliyeanza kama karani wa daraja la tatu katika Wizara ya Mimea ya Ndani. Zamani ilikuwa Wizara ya Mambo ya Ndani. Jina lilibadilishwa, kazi haikubadilika sana.

Habari ya miche ilianza pale Mlezi Mkuu wa Taifa letu aliposafiri kwenda nchi za watu kutibiwa mafua. Katika ukumbi wa hospitali aliuona mche ndani ya chungu, kando ya kiti chake, umetulia. Alikaa nao saa tatu. Haukumkatiza neno, haukuomba chochote, haukuuliza uchaguzi utakuwa lini. Aliporudi alitamka redioni, kwa sauti iliyokatika kwa hisia, kwamba huyo ndiye raia aliyekuwa akimwota maisha yake yote. Wiki iliyofuata kila mtumishi wa serikali alikabidhiwa mche wake, na kwenye chungu pakabandikwa kibati chenye jina la mwenyewe. Kanuni ilikuwa fupi, hata mimi niliishika mara moja: mche wa mtu ndio moyo wake. Ukistawi, mwenyewe ni mwaminifu. Ukifa, mwenyewe anahamishiwa Bustani.

Bustani iko nyuma ya wizara yetu, ng'ambo ya ukuta mrefu. Tumeambiwa ni mahali pazuri sana. Waliokwenda huko hawajarudi, jambo linaloonyesha jinsi walivyopapenda. Dirisha langu la zamani liliutazama ukuta huo, na kwa miaka miwili na zaidi sikuona hata jani moja likichungulia juu yake.

*

Kwa miaka miwili ya mwanzo hakuna aliyehamishwa. Miche ilikuwa mibichi, imeshiba, inang'aa, nasi tukapongezana kwa uaminifu wetu. Hatukujua kwamba uaminifu wote wa ghorofa kumi na moja ulikuwa ukitunzwa na mtu mmoja, Bi. Siwatu.

Bi. Siwatu alikuwa mama wa chai. Mfupi, mwenye khanga kiunoni juu ya sare ya bluu, na mwendo wa mtu aliyezoea ngazi kuliko lifti. Kila asubuhi alipita na kopo la plastiki la kumwagilia. Kabla ya kumimina alichomeka kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili, akasimama kidogo, kisha akaamua.

"Shikamoo, Bi. Siwatu."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu kaamkaje?" Huyu ni mche. Kidole kilikuwa kimeshazama. "Mm. Huyu leo hataki. Alikunywa juzi, bado anacho."

Basi akapita. Vyungu vingine alivipa kopo zima, vingine nusu, vingine wiki nzima hakuvipa kitu. Nilidhani ni uvivu wa kawaida wa wahudumu, nikamsamehe kimoyomoyo.

*

Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Injinia Makarara, ndiye aliyegundua uozo huo. Alituita sote ukumbini, akapanda jukwaani, akajifuta jasho ambalo lilikuwa bado halijatoka.

"Ndugu watumishi, na miche yenu," alianza. "Nimefanya utafiti wa kina, na nimegundua kwa masikitiko makubwa kwamba maji ya Taifa yanagawiwa kwa kidole! Kidole cha nani? Cha mhudumu! Kidole ambacho hakina cheti, hakijahudhuria semina hata moja. Leo kinasema udongo una maji, kesho kinasema umekauka. Je, tukiachie kigeugeu kama hicho hatima ya nchi?"

"Hapana!" tuliitikia. Mimi niliitikia mara mbili.

Ndipo akafunua mtambo. Juu ya paa la wizara palikuwa pamewekwa tangi la lita elfu kumi. Kutoka tangini mipira myembamba kama tambi ilishuka ndani ya kuta, ikatambaa sakafuni, ikapanda kila chungu na kuishia kwenye kidomo cheusi cha plastiki. Mtambo wote uliongozwa na saa ya umeme iliyoitwa taima, nayo ilikaa peke yake kwenye chumba cha vioo, ikilindwa na askari wawili na kupepewa na feni. Kila chungu kingepata tone moja kila sekunde mbili, kutwa kucha, bila kujali ni kikubwa au kidogo, kiko dirishani kwenye jua au chini kabisa kwenye masjala isiyo na mwanga.

"Matone sawa kwa wote!" alisema Waziri, nasi tukarudia hadi koo zikauma.

Bwana Shemahonge, mtunza mihuri, ambaye meza yake ilikuwa ubavuni mwa yangu, alinyoosha mkono. Alikuwa mtu wa maswali madogo madogo tangu namjua. "Mheshimiwa, mimi chungu changu ni kidogo, kama kikombe hivi. Nacho kitapata sawa na chako?"

Waziri alimtazama kwa upendo. "Ndugu yangu, tone halina ubaguzi. Wewe je?"

Tulicheka sana. Pembeni ya jukwaa Mkaguzi Ngwali, mtu mrefu asiyecheka, aliandika jina kwenye daftari lake.

Siku hiyohiyo ilitoka kanuni ya pili: ni marufuku kwa mtu yeyote kugusa udongo wa mche. Ili kuisimamia, Mkaguzi Ngwali angepita kila asubuhi saa nne na kukagua kucha. Atakayekutwa na udongo chini ya ukucha atakuwa ameingilia mtambo wa Taifa. Bi. Siwatu alinyang'anywa kopo, akapewa barua ya kushukuriwa, akabakiwa na birika la chai.

*

Siku ya tatu ya mtambo ilitokea ajali ambayo hadi leo inatajwa kwa kunong'ona. Vyungu, kama wafinyanzi walivyozoea kuvitengeneza, vina tundu chini. Maji yalipozidi yakashuka, yakatoka kwa chini, yakalowesha mazulia. Sasa zulia la ghorofa ya saba si zulia la hivihivi. Limefumwa sura ya Mlezi Mkuu, kubwa kama chumba chenyewe, na chungu cha Katibu wa wizara kilikaa karibu kabisa na jicho la kushoto. Kufikia adhuhuri michirizi ya maji ilikuwa imeshuka kutoka jichoni hadi kidevuni.

Mlezi Mkuu alikuwa analia, mbele ya watumishi.

Watu walijifunika nyuso. Dada mmoja wa uhasibu alizimia, akaangukia pua ya Mlezi Mkuu, na baadaye akaandikiwa onyo kwa kuikanyaga pua hiyo. Mtu wa kawaida angesema: punguzeni maji. Ndiyo maana mtu wa kawaida hapewi wizara. Mheshimiwa Makarara alilizunguka zulia mara moja, akasimama, akatoa uamuzi.

"Tatizo si maji," alisema. "Tatizo ni matundu."

Kabla ya jua kuzama mafundi thelathini wenye ndoo za saruji walikuwa wamepita ghorofa zote na kuziba kila tundu la kila chungu. Changu nilikiinua mwenyewe ili wapate nafasi. Bi. Siwatu alipita na birika, akasimama mlangoni kwetu, akashika shavu.

"Na maji yatatoka wapi?" aliuliza.

"Kwa nini yatoke?" fundi alimjibu. "Yameletwa yakae."

Sikuona ubaya wowote katika jibu hilo. Nilimpa fundi kiti apumzike.

*

Wiki ya pili majani yakaanza kuwa manjano. Iliundwa Tume ya Unjano, yenye wajumbe kumi na mmoja, na kwa kuwa kugusa udongo ni marufuku, wajumbe waliichunguza miche kwa darubini kutoka upande wa pili wa chumba. Ripoti yao ilikuwa nene kama tofali. Ilihitimisha kwamba jani la manjano ni jani lenye kiu. Waziri akaamuru tone moja kila sekunde.

Wiki ya tatu majani yakaanguka. Tume ikaongezewa wajumbe, na maji nayo yakaongezwa. Kikaanzishwa Kitengo cha Rangi, ambako mtumishi alijaza fomu na kupewa brashi na kikopo cha rangi ya kijani ili aupake mche wake. Majani yaliendelea kuanguka, ila sasa yalianguka yakiwa ya kijani, na takwimu zikaboreka. Korido zilinuka kama sufuria la wali lililolowekwa likasahauliwa siku tatu. Tukatangaziwa kwamba hiyo ni harufu ya ustawi, na atakayeziba pua aandike maelezo. Kutoka kwenye vyungu vilitoka vijinzi vyeusi vilivyoelea ndani ya chai yetu. Tulivinywa, kwani kuvitoa kungehitaji kidole.

Mche wa Bwana Shemahonge ulikuwa wa kwanza kufa. Maji katika kile kichungu chake yalikuwa yamejaa hadi ukingoni, yakitikisika kila alipogonga muhuri. Jumatano moja shina lilijilaza lenyewe juu ya faili. Alikusanya mihuri yake, akaifuta mmoja mmoja, akaipanga kwa ukubwa.

Saa nne Mkaguzi Ngwali akaingia. "Nyoosha mikono."

Shemahonge alinyoosha. Kucha zilikuwa safi.

"Chukua koti lako," alisema Ngwali. "Huko Bustani kuna kaubaridi."

Alipofika mlangoni Shemahonge aligeuka, akaniambia, "Mwinchande, mwambie mke wangu nimehamishwa tu." Nilimwambia. Mke wake aliniuliza ni uhamisho wa kwenda wapi, nami nikamsifia sana ukuta.

Kufikia mwisho wa mwezi walikuwa wamehamishwa watu arobaini na wawili. Vyungu vyao viliondolewa, pakabaki miduara myeupe sakafuni. Tukajifunza kutembea bila kuikanyaga.

*

Halafu asubuhi moja niliona jani langu.

Lilikuwa la chini kabisa, na unjano ulikuwa kwenye ncha tu, mdogo kama punje ya mtama. Niliogopa. Naandika hivyo bila kuficha, ingawa fomu ya kuripoti hisia haina kisanduku cha hofu. Nilipaka wino wa kijani. Kesho yake yalikuwa majani mawili, keshokutwa manne. Nilianza kukaa nimeukinga mche kwa mgongo wangu, na nyumbani mke wangu akaniuliza kwa nini siku hizi nakula huku nikiangalia mlango.

Bi. Siwatu aliona. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, wenzangu wote wako kantini wakisikiliza hotuba ya Waziri. Aliingia na sinia na birika, akafunga mlango kwa kisigino.

"Wa Shemahonge sikuuwahi," alisema. "Kiinue hicho chungu."

"Bi. Siwatu, ni marufuku."

"Nimekuambia kiinue. Mke unaye, watoto unao. Unataka wakaletewe kibati chenye jina lako?"

Nilikiinua. Kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia. Akaweka sinia chini yake, akafungua pindo la khanga, akatoa msumari wa inchi nne. "Nipe kiatu chako." Akapiga mara tatu, kwa kipimo, kama mtu anayevunja nazi. Saruji ikaachia. Maji yalitoka meusi, yakinuka hata macho yakaniwasha, yakajaa sinia, naye akayamimina birikani bila kumwaga tone. Kisha akaukunja ule mpira mwembamba mara mbili, akaubana kwa pini ya nywele zake. Kidomo kikanyamaza. Nilikuwa nimeizoea sauti yake kiasi kwamba kimya kile kilinitisha.

"Lete mkono."

Kabla sijajibu alikuwa amekishika kidole changu cha shahada na kukizamisha kwenye udongo. "Hadi pingili ya pili. Unasikia nini?"

"Baridi."

"Na nini tena?"

"Tope."

"Basi. Mizizi nayo inataka pumzi, mwanangu. Hii imekaa mwezi mzima majini, unadhani itafanyaje? Wiki nzima usimpe kitu. Baada ya hapo kila asubuhi mtie kidole. Kikitoka kikavu, mpe nusu kikombe. Kikitoka na udongo, mwache." Akachukua njiti ya kiberiti, akanisafisha ukucha polepole, kama anavyofanyiwa mtoto anayepelekwa shule. "Na huu msumari kaa nao. Tundu likiziba, toboa tena."

Niliuweka kwenye droo, chini ya karatasi.

"Sasa sikiliza," alisema. Alikuwa ameshika birika, mvuke halina, harufu tu. "Mimi nimeshasema. Nimemwambia fundi, nimemwambia Katibu, nimekwenda hadi kwa yule anayelinda saa. Wananiambia, mama, peleka chai. Mimi ni wa chai. Wewe ni karani, na utakuwa na mche wa kuonyesha. Ukipona huu, ukiulizwa umeponaje, sema. Sema mbele za watu. Wenzako wanakwisha."

"Nitasema, Bi. Siwatu."

"Wallahi?"

"Wallahi."

*

Mche ulipona. Kwanza ulisimama, kisha ukatoa jani jipya katikati, limejikunja, linang'aa. Kila asubuhi nilichomeka kidole na kukisafisha kwa njiti kabla ya saa nne. Ngwali alizitazama kucha zangu, akautazama mche, akaandika.

Baada ya wiki sita ulikuwa mche pekee mzima katika wizara nzima. Hata wa Waziri ulikuwa umebaki kijiti kilichopakwa rangi na kufungiwa majani ya plastiki kwa uzi. Nikaitwa. Mheshimiwa Makarara alinikumbatia, akaniita ushahidi hai. Sikukuu ya Mche ilikuwa imekaribia, Mlezi Mkuu mwenyewe angekuja, nami ningepanda jukwaani na chungu changu na kueleza siri ya ustawi.

Nilimpa Bi. Siwatu habari hizo kwenye ngazi. Machozi yalimtoka. "Siku hiyo nitakuwapo," alisema. "Nimepangiwa kuhudumia viti vya mbele."

Nilijiandaa. Nilikuwa na sentensi tatu tu: punguzeni maji, zibueni matundu, ulizeni udongo. Nilizisema bafuni hadi mke wangu akazijua kwa moyo. Na nataka nieleweke: nilikuwa na nia. Hadi ninapanda ngazi za jukwaa nilikuwa na nia.

*

Mlezi Mkuu alikuwa mdogo kuliko zulia lake. Alikaa kwenye kiti kikubwa, miguu haikufika chini vizuri, na alikuwa na macho ya upole. Nyuma yake alisimama Ngwali. Waziri alihutubia saa moja na nusu, akahitimisha: "Mheshimiwa Mlezi, waliosema mtambo haufai, huyu hapa Mwinchande. Kama yeye amestawi, basi walioanguka walianguka kwa mioyo yao!"

Makofi. Nikakisogelea kipaza sauti. Nilimwona Bi. Siwatu kwenye safu ya mbele, amesimama na sinia la vikombe, ametabasamu kama mama kwenye mahafali. Nilimwona Ngwali akifungua daftari. Sentensi tatu zilikuwa mdomoni, nazikumbuka hadi ladha yake.

"Siri ni matone," nilisema. "Na kama inawezekana, naomba yaongezwe."

Ukumbi ulilipuka. Watu ambao miche yao ilikuwa imebakiza wiki moja walisimama juu ya viti kunishangilia.

Bi. Siwatu aliliweka sinia chini taratibu. Akapanda jukwaani kwa ngazi za pembeni, na kwa kuwa ni mama wa chai hakuna aliyefikiria kumzuia. Akakishika chungu changu kwa mikono miwili, akakilaza ubavu, akauonyesha ukumbi kitako chake.

"Tundu hili nimelitoboa mimi," alisema. Hakuhitaji kipaza sauti. "Kwa msumari. Na mpira nimeubana mimi, angalieni pini hii. Mche huu haunywi matone yenu hata moja. Punguzeni maji, mzibue vyungu, watu wapone. Muulizeni mwenyewe huyu."

Mtu mmoja nyuma alianza kupiga makofi kwa mazoea, akashikwa mkono. Mlezi Mkuu aliinama mbele, akaniuliza kwa sauti ya chini, karibu ya kirafiki:

"Ni kweli, kijana?"

Bi. Siwatu alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu, kama alivyokuwa akingoja kidole kimwambie.

"Simfahamu vizuri, Mheshimiwa," nilisema. "Ni mama wa chai."

Waziri Makarara alirudiwa na rangi. "Hujuma!" alipiga kelele. "Mmesikia kwa masikio yenu! Ametoboa chungu cha Taifa, amekata maji, ili aue mche wa mtumishi mwaminifu! Na mche umefanya nini? Umestawi! Umestawi bila maji, kwa uaminifu mtupu!" Nasema kweli, kwa dakika nzima hata mimi niliamini.

"Nyoosha mikono," Ngwali alimwambia Bi. Siwatu.

Alinyoosha. Chini ya ukucha wa kidole cha shahada, mkono wa kulia, palikuwa na mstari mweusi wa udongo. Hakuwa amejisumbua kuusafisha.

Walimpitisha mbele yangu. Sijui kilichonipata, labda ni malezi tu, mtu mzima akikupita unamwamkia. Nilisema, "Shikamoo, Bi. Siwatu."

Hakuitikia.

*

Nimepandishwa cheo. Sasa mimi ni Mkurugenzi wa Matone, ghorofa ya saba, kwenye zulia lenyewe. Meza yangu iko karibu na sikio. Na kwa kuwa nchi yetu haisahau mashujaa wake, Mlezi Mkuu alinitunukia chungu kipya mbele ya kamera, nao mafundi wakauhamishia mche wangu humo palepale. Ni cha shaba nzito, kimenakshiwa, hakina mshono. Kwa heshima ya ombi langu nimewekewa mipira mitatu badala ya mmoja, nayo imepita ndani ya mabomba ya chuma ili isije ikabanwa na maadui. Taima imepandishwa kama nilivyoomba. Vinasikika vidomo vitatu, havipishani.

Siku ya kwanza nilikiinamisha na kupapasa kitako chake. Hakina tundu. Nilijaribu msumari wa Bi. Siwatu na kisigino cha kiatu changu kipya. Msumari ulipinda.

Nilifikiria kuchota maji kwa kikombe. Lakini maji yamejaa tope, tope huingia ukuchani, na siku hizi Ngwali anakuja na taa ya kumulika. Nilifikiria kumwomba mama mpya wa chai anisaidie. Ni binti mpole, anaitwa Mashavu, na anapoweka kikombe mezani anageuza uso asiuone mche. Ni vizuri, amefundishwa. Nilifikiria pia kuandika waraka kwa Waziri kueleza kwamba matone yamezidi. Waraka wa namna hiyo hupitia kwa Mkurugenzi wa Matone, na Mkurugenzi aliyasifia mbele ya Taifa zima.

Tangu nihamie hapa nimeona kutoka dirishani watu sitini na mmoja wakivuka uwanja na makoti yao. Kutoka juu huku ukuta unaonekana kwa ndani pia. Sitaandika nilichokiona. Miche si mingi.

Jani la kwanza lilikuwa manjano Alhamisi. Leo ni Jumanne, na asubuhi hii shina limeegemea ukingo wa shaba kama mtu aliyechoka kusubiri. Nimepaka rangi mara mbili, haikauki, majani yanavuja maji. Ni saa nne kasoro dakika tano. Koti nimelitundika karibu.

Mke wangu nimemwambia kwamba huenda nikahamishwa tu. Hakuuliza wapi. Alinitazama, akaanza kusema zile sentensi tatu za bafuni, moja baada ya nyingine, hadi nikamwomba anyamaze.

Kitu kinachonihangaisha si Bustani. Ni kwamba huenda nikamkuta Bi. Siwatu huko, na itanibidi nianze mimi kumwamkia, kwa kuwa ndiye mkubwa. Nimefanya mazoezi tangu nifike. Shikamoo ya chini, shikamoo ya kuinama kidogo, shikamoo ya kusimama mbali. Zote nazisema, kisha nangoja, na ndani ya chumba vinasikika vidomo tu.

Viatu vya Ngwali viko kwenye ngazi. Nimenawa mikono kwa sabuni, nimepitisha njiti ya kiberiti chini ya kila ukucha, nimeinyoosha juu ya meza kabla hajaniambia. Ni safi kabisa.